Mwaliko wa Tatu

Cedar Rapids, Iowa
9 Machi 2025

Mdogo wangu Lumir,

Salamu kwanza, habari baadaye, kama Mama alivyotufunza. Hujambo, na goti lako jipya linasemaje? Binti yako Nora ameniambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Nimefurahi sana. Nimefurahi pia kusikia kwamba mlimau wako wa kwenye kopo umezaa, ingawa kwa mtu aliyezaliwa Iowa, kuchuma limau lake mwenyewe mwezi wa Januari naona ni kujidai.

Mimi nipo. Naandika nikiwa kwenye kiti changu karibu na dirisha, mto mgongoni na blanketi magotini, na naandika kidogo kidogo kwa sababu pumzi haitoshi kurasa mbili kwa mkupuo. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, jua nilikwenda kulala. Sitakuficha hali yangu. Moyo umechoka, na daktari amesema imebaki miezi, tena si mingi. Daktari mwenyewe ni Keith Yoder, niliyemfundisha Kilatini mwaka 1984 na kumpa alama ambazo mama yake alikuja kuzililia ofisini. Siku ya kunipa habari hiyo alinishika mkono, akaanza kuzunguka kwa maneno laini, mara umri, mara mishipa, mara matumaini. Nikamwambia, "Keith, tangu zamani wewe kitenzi kinakupotea. Kitafute, ukiseme." Akacheka, akafuta macho, akakisema. Nilijivunia mtoto yule kuliko siku aliyohitimu.

Kwa hiyo usinihurumie. Nina miaka themanini na sita. Nimefundisha miaka thelathini na minane katika shule moja, na mpaka leo siwezi kununua kitunguu bila mtu mwenye mvi kunisimamisha na kuniita Mwalimu.

Sasa nijibu barua yako ya Januari. Umeniuliza maswali tisa, umeyapa namba kama fundi wa ndege ulivyokuwa, nayo yote yanauliza jambo moja: wewe na Nora mhamie huku, au mbaki San Jose ambako mwenye nyumba hupandisha kodi kila mwaka kama anayepandisha bendera? Nitayajibu yote tisa, halafu nitajibu la kumi, ambalo hukuliandika.

La nyumba amelijibu Nora mwenyewe alipokuja Oktoba. Nilimpeleka kuona ile nyumba ya matofali mtaa wa pili kutoka kwangu: vyumba vitatu, sebule, baraza mbele, chumba cha chini kikavu kabisa, na uwanja nyuma wa kutosha bustani ya nyanya na ugomvi wa jirani. Akasoma bei iliyoandikwa kwenye karatasi ya dalali, akaisoma tena, akaniuliza, "Shangazi, hii ni bei ya nyumba au ya mlango?" Nikamwambia ni ya nyumba, na mlango wanatoa bure. Akaingia ndani akafungua kila kabati. Nilipomkuta amesimama jikoni anapima kwa mikono mahali pa kuweka meza, nilijua huyo amekwisha hamia, yamebaki masanduku tu.

La kazi yake usiliwazie. Hospitali zinamgombea. Muuguzi mkuu wa mojawapo alimpigia simu hata kabla ndege yake haijatua, akamuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu. Nora akasema yeye amekuja kutembea tu. Yule mama akamjibu, "Sawa, basi Jumanne."

La theluji: ipo. Sitakudanganya. Mwaka huu ilianguka mara sita za kuhesabika. Lakini sijashika koleo tangu nilipotimiza miaka themanini. Jirani wa upande wa kulia hupita na mashine yake, akasafisha njia yangu kwanza na yake baadaye, kisha anaondoka kabla sijafika mlangoni kumshukuru. Nimekaa naye miaka saba na majira ya baridi namjua kwa kofia tu.

Umeuliza pia kama mji umekufa. Hilo lilinikera, Lumir, na nililiachia siku mbili hasira ishuke ndipo nikajibu. Kiwanda cha nafaka kando ya mto bado kinaunguruma, na upepo ukitoka kaskazini mji mzima unanukia uji wa maziwa, ule ule uliotuamsha tukiwa watoto. Mwaka 2008 mto ulipopanda ukaingia mjini, ukala mitaa yetu yote ya chini, kilibaki kisima kimoja tu cha maji ya kunywa kwa watu zaidi ya laki moja. Walitangaza kwamba wanahitaji mikono. Sikungoja kuitwa mara mbili. Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Nilisimama kwenye mstari kati ya mfungwa aliyeletwa na polisi na mke wa mchungaji, tukapokezana magunia ya mchanga, na kisima tukakiokoa. Na mwaka 2020, ule upepo wa Agosti ulipoangusha zaidi ya nusu ya miti yetu na umeme ukakatika siku nyingi, watu walitoa nyama kwenye mafriza kabla haijaharibika, wakawasha majiko barabarani, mtaa mzima ukala pamoja. Sijawahi kula nyama nyingi kiasi kile. Asiyekuwa na msumeno alileta chai. Mji uliokufa haufanyi hivyo. Andika hilo kwenye karatasi yako, mbele ya namba tano.

Duka la mikate la Baba lipo. Maji yalifika kwenye dari, nami nilikuwa nimekwisha liuza, lakini vijana wawili, mke na mume, wamelikarabati, wanauza kahawa. Tanuri hawakulivunja. Wameliacha ukutani na mlango wake wa chuma, na mteja akiuliza, wanamwambia jina letu la Dostal. Nilipokwenda mara ya kwanza walinikataza kulipa. Nilikaa pale kama malkia, nikijifanya nasoma gazeti.

Leo ni Jumanne, nimeamka na nguvu kidogo. Niendelee.

Nikueleze habari za Nora na Lavonne, maana huwezi kuelewa la kumi bila hiyo. Lavonne ni jirani yangu wa kushoto, mjane wa miaka themanini na moja. Ana ufunguo wa nyumba yangu, namba ya Keith, na maoni juu ya kila kitu. Kwa miaka kumi amekuwa akinibembeleza nimrithishe mahali pa siri alipokuwa Baba akichuma uyoga mwezi wa Mei. Nimemwambia pale ni pa ukoo. Husema, "Basi nioe." Ndivyo tulivyo.

Siku ya kwanza Lavonne alikuja kumsalimu mgeni, na sahani ya kolache, ile mikate midogo ya Kicheki yenye jamu ya plamu. Tulikula, tukabakisha moja. Lavonne akamsogezea Nora. "Malizia hii, mwanangu." Nora akasema, "Asante!" akaitia mdomoni, jamu ikamtoka kidevuni. Lavonne alibaki ameshika sahani tupu kama dereva aliyenyang'anywa usukani. Nora alipokwenda kunawa, akaniinamia sikioni: "Albina, huko California hawalishwi?"

Kesho yake akaja tena. Nora, kwa moyo mwema, akamuuliza, "Mama Lavonne, nikuwekee kahawa?" Lavonne akasema, "Aa, usijisumbue, mwanangu." Nora akasema, "Haya," akajimiminia yake, akaketi mbele ya mgeni akanywa. Saa nzima Lavonne alizungumza huku macho yakifuata kikombe kikipanda na kushuka. Alipofika kwake alinipigia simu. "Binti wa mdogo wako ananitesa. Kichwa kinanigonga, na kahawa nimeiona kwa macho yangu."

Nilicheka mpaka nikatafuta dawa. Waswahili wana msemo wao kuhusu mgeni na jembe siku ya tatu. Basi mimi siku ya tatu nilimpa Nora reki, akakusanya majani uwanjani, nami nikakaa barazani nikamfundisha. Nikamwambia kwamba kwetu mwaliko wa kwanza ni salamu, wa pili ni adabu, wa tatu ndio neno. Ukikubali wa kwanza, una njaa. Ukikubali wa pili, una haraka. Ukikubali wa tatu, wewe ni mtu wa hapa. Na anayekualika akaishia mara mbili, amekuambia kwa upole kabisa usije.

Nilidhani atacheka. Aliegemeza reki kwenye ukuta, akaja kukaa kwenye ngazi karibu na miguu yangu. Akasema, "Shangazi, zamani nilimuuliza Baba kwa nini hakurudi nyumbani alipoachishwa kazi huko, yale majira mabaya kabla hajakutana na Mama. Akanijibu, 'Babu yako aliniita mara mbili.' Basi. Mimi nilifikiri anamsifu Babu. Nilifikiri mara mbili ni nyingi."

Akaendelea kwamba picha za ile nyumba ya matofali umeziweka zote kwenye simu yako na kila jioni unazifungua, lakini kila akikuambia mfunge mizigo unamjibu, "Mji ule ulikwisha niaga." Akaniuliza kama ninajua maana yake. Nikamwambia pumzi imenikatika, anipeleke ndani.

Kwa hiyo maswali yako tisa yalipofika Januari, nilijua unazungushia nini. Hujali theluji. Swali lako la kumi ni hili: je, nyumbani kulikuwa na mtu aliyenitaka? Jibu lake ninalo. Nimekuwa nalo kwa miaka hamsini na mitatu, ndani ya kamusi.

Vuta kiti, Lumir. Nami navuta pumzi.

Unakumbuka mwaliko wa kwanza, mwaka 1969, pale kituo cha basi. Baba alikushika begani akasema, "Baki." Ukasema umekwisha pata kazi, akasema haya. Wa pili ulikuwa barua ya Krismasi ya mwaka 1971, baada ya kiwanda chenu cha ndege kuwatoa wote. Mimi ndiye niliyeiandika, maana mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuambia chumba cha juu ya duka ni chako. Wewe ukajibu kwa adabu, kama ulivyolelewa, kwamba unashukuru lakini hutaki kutusumbua. Baba alipoisoma hakuhuzunika hata kidogo. Aliikunja akasema, "Amekataa ya pili. Vizuri. Bado ni mtoto wetu."

Mwezi wa Februari, siku ya Jumapili baada ya kanisa, aliniita jikoni nyuma ya duka. Alikuwa amekosa karatasi, akararua ile ya kufungia mikate. Alisema kwa Kicheki, nami nikaandika kwa Kicheki, neno kwa neno. Akatia sahihi mwenyewe, ikamchukua muda. Kisha akasema, "Lumir akija nitafunga duka siku tatu. Nitaoka kama wa harusi."

Siku tatu! Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua. Wiki ile ile nilikuwa nimekikataa chuo kikuu cha Chicago. Walinipa nafasi ya kusomea udaktari wa Kilatini, na pesa za kula juu yake, nikawaandikia kwamba siwezi, baba yangu ni mgonjwa na hana mwingine. Nilipomwambia Baba, alisema, "Vizuri," akaniomba nimsogezee chumvi. Siku niliyohitimu chuo hakufunga duka hata saa moja. Alikuja na aproni chini ya koti. Mimi niliyebaki nilisogeza chumvi, na aliyeondoka angefungiwa duka siku tatu.

Sikuituma. Niliiweka ndani ya kamusi yangu ya Kilatini, nikajiambia nitaituma wiki ijayo, hasira ikipoa. Baba aliponiuliza nilimwambia nimekwisha ipeleka posta. Kuanzia wiki ya pili akawa kila asubuhi, posta ikikaribia kupita, anasimama dirishani. Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni kabla mtu wa posta hajafika, mbele, nyuma, kidole kwa kidole, ili asiitie unga barua yako. Niliyaona hayo wiki saba, Lumir. Nilikuwa natoka shuleni kwa chakula cha mchana, namkuta bado ana mikono safi.

Wiki ya mwisho alinitazama akasema, "Labda anaogopa theluji." Hakukulaumu kwa neno zaidi ya hilo. Nami nilipanga kabisa kwamba Ijumaa nitaituma, na Alhamisi akaanguka nyuma ya meza ya duka, na hakuinuka.

Ulikuja kwenye mazishi umevaa koti la kuazima. Watu walipoondoka tulibaki wawili jikoni, ukatazama tanuri, ukasema, "Mara mbili, Albina. Mara mbili tu. Kumbe ilikuwa adabu." Nilikuwa nimeshika birika. Kamusi ilikuwa chumbani, hatua kumi na moja kutoka pale nilipokuwa nimesimama, nimezihesabu baadaye. Nikakuuliza kama nikuongezee kahawa. Ukasema hapana. Nikakuuliza tena, ukasema hapana. Nikakuuliza mara ya tatu, ukanisogezea kikombe. Nilikukaribisha kahawa mara tatu siku ile ile niliyokuficha mwaliko wa tatu wa Baba. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini mengine yote huwa nayasahau kwa siku kadhaa.

Uliondoka kesho yake. Ukaja huku mara nne tu katika miaka hamsini na mitatu, kila mara kama mgeni, unalala hotelini, unaniambia hutaki kunisumbua.

Mto nao ulinipa nafasi ya kujisafisha. Ule mwaka 2008, walipotuamuru kuhama nyumba ya chini, tulipewa dakika kumi. Niliacha sahani za Mama. Niliacha picha za harusi yao. Lavonne, ambaye alikuwa jirani yangu tangu kule, alinikuta naingia tena ndani maji yamefika magotini. Alipiga kelele, "Albina, umerukwa na akili? Mto unapanda na wewe unaokoa kamusi?" Ningeiacha pale, karatasi ile ingekwenda na mto mpaka bahari, na nisingekuwa na cha kukiri. Lakini nilirudi kuichukua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na ninafikiri ni kwamba nilikuwa ninajua kwamba si mali yangu. Ni yako, nami ni posta iliyochelewa.

Ningeweza kunyamaza. Septemba nilikualika kwa simu, ukasema mtanisumbua. Siku ya Shukrani nikakualika tena, ukasema tutaona. Ningekualika sasa mara ya tatu, na nadhani ungekuja, na ningekufa nikiwa dada mwema. Ila ungekuja kwa mwaliko wangu, ukakaa katika mji ambao unaamini ulikuaga. Sitaki uishi hapa kama mtu aliyevumiliwa. Huu mji ninaujivunia mno, Lumir, siwezi kuuacha ubebe lawama yangu. Mji haukukukataa. Baba hakukukataa. Mlangoni alisimama mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Karatasi ya Baba imo ndani ya bahasha hii. Wino umepauka na Kicheki chako kitakuwa kimeota kutu, basi naitafsiri hapa chini, neno kwa neno, kama alivyonisemea:

"Mwanangu Lumir. Hii ni mara ya tatu, na unajua maana yake. Kitanda chako kiko juu ya tanuri, pale penye joto. Kazi ipo, na kama hutaki kazi, chakula kipo. Usilete chochote. Uliyoshindwa huko, hapa hakuna atakayekuuliza, na akiwepo nitamnyamazisha mimi. Dada yako yupo, amebaki nami, ni mwanamke wa maana kuliko ninavyojua kumwambia. Njoo nyumbani. Baba yako."

Ndiyo, hayo ya dada yako yamo. Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe siku ile, nikayasikia, na bado nikaifungia kamusini. Hasira huziba masikio, hilo nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na minane.

Sasa na mimi niseme langu. Hii ni mara yangu ya tatu. Njoo nyumbani. Nyumba ya matofali bado inauzwa, nimempigia dalali simu. Naye ni mwanafunzi wangu, amesema karatasi zake atazisahau kwenye droo mpaka umjibu. Njoo na Nora, ambaye kwa siku saba tu amejifunza kukataa kolache mara mbili, tena kwa uso mkavu, mpaka Lavonne akalia kwa furaha. Na kama una hasira nami, njoo nayo. Nyumba ina vyumba vitatu, itapata chake. Ukinikuta hai, unigombeze nikiwa kitini, sitakukatiza. Usiponikuta, ufunguo wangu uko kwa Lavonne, na mahali pa uyoga pa Baba nimekwisha muonyesha Nora siku moja kabla hajaondoka. Ukiwa huku mwezi wa Mei, mfuate nyuma polepole na goti lako.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kwa barua nimekwisha fanya ya kutosha.

Nisalimie Nora, mwambie majani aliyoyakusanya Oktoba yalikuwa kazi safi. Salamu kwa mlimau. Lavonne anakusalimu na anasema kahawa yake ni nzuri kuliko yangu, jambo ambalo si kweli. Keith anakusalimu ingawa hakujui. Na mji mzima unanukia uji asubuhi ya leo, upepo umetoka kaskazini.

Bahasha hii siipeleki posta mwenyewe. Nimemkabidhi Lavonne, nikamwambia kwamba hata nikibadilisha mawazo nikamwomba anirudishie, asinipe, hata nikimwomba mara tatu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Albina Dostal